Taa karibu, kengele mbali: tathmini ya saa ya mapambazuko

Saa za kengele zenye taa, ambazo wauzaji huziita saa za mapambazuko, huuzwa kwa ahadi kwamba mtu ataamka taratibu kama anayeamshwa na jua, ataondoka kitandani bila kununa, na hatimaye ataipata ile saa ya asubuhi ambayo huipanga kila usiku na kuipoteza kila kunapokucha. Nimeitumia mojawapo kwa muda wa kutosha kuizoea, na nimeipima kwa jambo moja tu: kama inamtoa mtu kitandani mara anapofumbua macho, akaanza kazi aliyoikusudia. Kuamka na kuondoka kitandani ni mambo mawili tofauti, na asubuhi nyingi hupotelea katikati yake.

Kifaa chenyewe ni cha duara, kina uso wa plastiki nyeupe yenye ukungu, na tarakimu za saa huonekana katikati. Ukishaitega, taa huanza kuwaka dakika 30 kabla ya muda wa kuamka. Huanza na wekundu hafifu usiotosha hata kuuonyesha mlango, hupanda kuwa rangi ya machungwa, kisha humalizikia kwenye weupe wenye umanjano ambao mtu anaweza kuusomea. Kengele hulia mwishoni, taa ikiwa imefika kileleni. Mtu anaweza kufupisha safari hiyo hadi dakika 10, ila sioni faida ya kufanya hivyo, kwa kuwa mwanga unaopanda kwa kasi humgutusha mtu kama kengele ya kawaida.

Msingi wa kifaa hiki si porojo za matangazo. Ndani ya jicho, mbali na chembe zinazotuwezesha kuona, zimo nyingine zenye kemikali iitwayo melanopsini, ambazo huhisi zaidi mwanga wa buluu wa urefu wa mawimbi unaokaribia nanomita 480, na kazi yake kubwa ni kuuarifu ubongo kwamba kumekucha. Taarifa hiyo hufika kwenye saa ya mwili iliyomo katika haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, utoaji wa melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba ni usiku, ukapungua, na saa hiyo, ambayo mzunguko wake kwa watu wazima huzidi kidogo saa 24, ikarekebishwa ili isiendelee kuchelewa siku baada ya siku. Hata hivyo, kope zilizofungwa huzuia sehemu kubwa ya mwanga, na unaopenya zaidi ni ule mwekundu. Kwa hiyo mtu asitarajie kwamba taa itafanya kazi yote angali amelala. Ninachokiona kwangu ni kwamba usingizi huwa umeshapungua uzito kengele inapolia, na yale mang'amung'amu ya dakika za mwanzo, ambayo kwa kawaida huchukua dakika 15 hadi 30 na pengine zaidi ya hapo, hayanilemei kama yanavyonilemea ninapoamshwa gizani kwa mlio wa simu. Kwa upande huu kifaa kimetimiza ahadi yake.

Tatizo lake kubwa linatokana na mahali kinapopaswa kuwekwa. Maelekezo yanataka taa iwe karibu na kichwa, kiasi cha sentimita 40 au 50, na watengenezaji wana sababu ya kusema hivyo: mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, kiasi kwamba ukiihamisha taa kutoka nusu mita hadi mita moja na nusu, kinachokufikia usoni ni karibu sehemu moja ya tisa ya ulichokuwa ukipata. Lakini kengele iliyo nusu mita kutoka kichwani ni kengele inayozimwa kwa mkono uliolala. Mwanga unataka ukaribu, kengele inataka umbali, na watengenezaji wameviweka vyote viwili ndani ya gamba moja. Waliobuni kifaa hiki walimfikiria mtu anayeamka. Yule anayeondoka kitandani hawakumfikiria.

Kasoro hiyo imezidishwa na mpangilio wa vitufe. Kitufe cha kuahirisha kengele ndicho kikubwa kuliko vyote: kimeenea sehemu yote ya juu ya saa, na mguso wowote wa kiganja unatosha kununua dakika tisa nyingine za kulala. Kitufe cha kuzima kabisa ni kidogo, kiko nyuma, na hakina alama ambayo kidole kinaweza kuitambua gizani. Hata anayetaka kuamka mara moja hujikuta akipapasa nyuma ya saa huku kengele ikiendelea, kisha kiganja kinagusa juu na kengele inajiahirisha yenyewe bila ridhaa yake. Saa zenye uwezo wa kuahirisha ni za zamani, kwani ile iliyozieneza, Snooz-Alarm ya kampuni ya General Electric-Telechron, ilitoka mwaka 1956, na ningedhani kwamba muda wote huo ungetosha mtu kugundua kitufe gani kinastahili kuwa kikubwa.

Sisemi hivyo kwa kuamini kwamba kuahirisha kengele ni sumu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm uliochapishwa mwaka 2023 uliwapima katika maabara watu 31 waliozoea kuahirisha, na nusu saa ya kufanya hivyo haikudhoofisha fikra zao. Katika baadhi ya majaribio walifanya vizuri kidogo kuliko walipoamka kwa mara moja. Nayakubali matokeo hayo, na bado nafikiri kitufe kile ni adui wa mtu mwenye ratiba, kwa sababu hasara yake si ya ubongo bali ya muda. Aliyetega saa 11:00 alfajiri ili aandike, asali, afanye mazoezi au asome kabla ya kazi za watu wengine kuanza kumdai, akiahirisha mara tatu amekwisha kutoa karibu nusu ya saa yake, na kinachobaki ni kifupi mno kwa jambo alilolikusudia lakini kinatosha kabisa kwa kupekua simu.

Njia niliyoipata ni kuvitenganisha vyombo viwili. Taa imebaki pembeni mwa kitanda, ikiwa imezimwa sauti, na inafanya ile kazi inayoiweza. Kengele nimeikabidhi saa ndogo ya betri isiyo na kitufe cha kuahirisha hata kimoja, iliyowekwa juu ya meza ya kuandikia upande wa pili wa chumba. Inapolia, ni lazima nivuke chumba, na nikiifikia ninakuta mbele yake daftari lililofunguliwa usiku kwenye ukurasa wa kuanzia, kalamu ikiwa juu yake. Kurudi kitandani kunawezekana, ila sasa kunahitaji uamuzi, nao uamuzi wa namna hiyo ni mgumu kuufanya mtu akiwa amesimama kwenye mwanga. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, katika makala yake ya mwaka 1999, alieleza kwamba nia iliyofungwa kwenye tukio mahususi, yaani likitokea hili nitafanya lile, hutekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla. Ndivyo ilivyo hapa: "nitaamka mapema" haina mahali pa kushikia, lakini "kengele ikilia nitaizima kwa mkono wa kushoto na kuishika kalamu kwa wa kulia" ina mahali, ina wakati, na ina viungo vya mwili. Tena kwa kuwa saa sasa ziko mbili, simu haina kisingizio cha kulala chumbani, na hiyo pengine ndiyo faida kubwa kuliko zote ambayo taa imeniletea bila kuitangaza.

Saa hii inaruhusu kutega nyakati mbili, mmoja wa siku za kazi na mwingine wa mapumziko. Nimeacha kuutumia huo wa pili. Inasimuliwa kwamba mwaka 1787 Levi Hutchins, fundi saa wa New Hampshire nchini Marekani, alijitengenezea saa ya kumwamsha ambayo haikuweza kulia wakati wowote mwingine isipokuwa saa kumi alfajiri. Wengi huichukulia kama kichekesho cha teknolojia changa, lakini mimi naona fundi huyo, kwa kujua au kutojua, alipatia: saa ya mwili hufuata wakati usiobadilika, na anayelala hadi jua kali kwa siku mbili huianza siku ya tatu kama msafiri aliyetoka ng'ambo. Bila shaka uthabiti huo hauna maana kwa asiyelala vya kutosha. Mtu mzima anashauriwa kupata angalau saa saba za usingizi, na hakuna taa inayoweza kuzifidia. Kipengele cha machweo, ambacho hupunguza mwanga polepole usiku, kinasaidia tu kukumbusha kwamba muda wa kulala umefika.

Mambo mengine nayataja kwa ufupi. Sauti za ndege wanaoimba, ambazo saa hii huzitoa kama kengele, ni mkanda mfupi unaojirudia, na baada ya muda mtu huusikia pale unapoungana. Tarakimu zinaweza kufifishwa hadi zizimike, jambo zuri kwa wanaosumbuliwa na kutazama saa usiku. Betri ndogo ya akiba huhifadhi saa umeme unapokatika, lakini haiwashi taa wala kengele, hivyo mwenye umeme usioaminika asiitegemee peke yake.

Anayelala katika chumba ambacho jua hukifikia kabla ya muda wake wa kuamka hana haja ya kununua kifaa hiki. Aache pazia wazi. Mwenye fedha za chombo kimoja tu achague kengele ya betri na meza ya mbali. Atakayefaidi kweli ni yule anayelazimika kuamka giza likiwa bado limetanda na ambaye kengele humkurupusha, naye aulize dukani, kabla ya kulipa, kama taa inaweza kuwaka pasipo sauti, kwa sababu si aina zote zinazoruhusu hivyo, na isiyoruhusu haitaweza kutenganishwa na kengele yake.