Ya kuzuia upepo: nunua hivi, mabati yaache mwisho

Wengi wetu tukitaka kuzuia upepo shambani tunakimbilia kitu kisichopitisha hewa kabisa. Mimi nilipiga mabati upande mzima, upepo ukija unaruka juu unadondoka nyuma na kuanza kuzunguka, asubuhi nakuta nyanya zimelalia upande wa fensi, yaani zimesukumwa kinyume. Kinachotakiwa ni kitu kinachopitisha karibu nusu ya upepo, kiupunguze nguvu tu.

Namba 1 ni miti na vichaka pamoja. Nafuu kubwa ya upepo inafika umbali wa kama mara 10 ya kimo cha kizuizi, fensi ya mita 2 kwenda juu inakupa mita 20 hivi, sasa mti wa mita 8 piga hesabu mwenyewe. Udongo wa mchanga au chumvichumvi chukua mti wa mvinje, ila chini huwa unabaki uchi upepo unapita miguuni, kwa hiyo panda safu ya vichaka mbele yake. Na usidanganyike na mche mrefu! Mdogo unashika haraka zaidi. Geuza kiriba uangalie, ukiona mizizi imejizungusha chini kama kamba au imeshatoboa plastiki, rudisha. Ubaya wake ni miaka ya kusubiri, na mizizi inanyang'anyana maji na mazao, usipande karibu na tuta.

Namba 2 neti ya kivuli, ile ya asilimia 50, na iwe ya kuhimili jua maana ya hovyo inakatika mapema. Hela nyingine weka kwenye nguzo, neti ikijaa upepo inavuta kama tanga, nguzo nyembamba zinalala. Huwa inaanza kuchanika pale ilipofungwa, kwa hiyo ibane kwa kipande cha mbao urefu wote, waya peke yake unakata.

Namba 3 mbao zilizoachiwa nafasi, nzuri karibu na nyumba, kwa shamba ni gharama bure.

Mabati na ukuta mwisho kabisa, labda unatafuta faragha.

Chochote utakachonunua kipige kikatize upepo unaovuma sana, na geti lisiwe upande huo, pengo moja tu linatoa upepo mkali kuliko wa mwanzo. Mimi mabati nimeyang'oa, neti iko kwenye nguzo zilezile, na mvinje nyuma yake umenifika magotini.