Pinocchio ya 1940: mtoto wa miaka 4 asubiri kwanza

Akina mama wenzangu wananiuliza kama Pinocchio, ile katuni ya zamani ya Disney ya mwaka 1940, inafaa kuwekewa watoto wadogo wakati wa likizo. Jibu langu ni kwamba kuanzia miaka 7 hivi inafaa, tena sana, mradi mkubwa akae nao. Chini ya hapo ningewatafutia kitu kingine. Nimeitazama nyumbani hapa Lamu na wanangu wawili, binti wa miaka 8 na mdogo wake wa miaka 4, na haya ninayoyasema nimeyaona kwao.

Uzuri wake kwanza, maana ni filamu nzuri mno. Kila kitu kimechorwa kwa mkono. Itazameni karakana ya mzee Geppetto, fundi wa kuchonga mbao aliyemchonga Pinocchio, kibaraka wa mbao anayepewa uhai: ukutani kuna saa chungu nzima, na kila saa ikigonga hutoka vinyago vyake, huyu mwindaji, yule mlevi anayepepesuka, huyu mama anayemtandika mwanawe. Wanangu walinirudishisha hapo mara kadhaa kabla hadithi haijaenda popote. Paka Figaro kwa wivu wake aliwachekesha mpaka machozi. Wimbo wa nyota unaofungua filamu ulipata tuzo ya Oscar, na bado unapendeza. Yote ni dakika 88, haichoshi.

Lugha ni Kiingereza, kwa hiyo kazi ya kusimulia ilikuwa yangu, kama wale ma-DJ wanaotafsiri filamu za mapigano. Kwa mama hiyo ni nafasi nzuri, kwani maneno makali unaweza kuyalainisha. Stromboli, mwenye maonyesho ya vibaraka, anapomfungia Pinocchio kwenye kizimba na kumwambia akizeeka atakuwa kuni, mimi nilisema tu, "Anamwambia hatamwachia." Lakini shoka analolirusha likajikita kwenye mabaki ya kibaraka mzee, hilo mtoto analiona mwenyewe.

Watu wengi wakiizungumzia filamu hii hutaja nyangumi Monstro kuwa ndiye wa kutisha. Kwetu haikuwa hivyo. Mwanangu mdogo wa miaka 4 alisimama juu ya mkeka akampigia makofi Geppetto anayevua samaki tumboni mwa nyangumi, na ule moshi wa kumpigisha nyangumi chafya aliufurahia sana. Nyangumi ni adui anayeonekana, anakimbiwa, anashindwa. Watoto wanaijua hadithi ya namna hiyo.

Kilichomkaa moyoni ni kile kisiwa cha starehe. Mwenye gari la farasi anawakusanya wavulana watundu, anawapeleka mahali ambapo wanaruhusiwa kila kitu: sigara, bia, biliadi, kuvunja nyumba. Kisha wanageuka punda. Wanatiwa kwenye makreti, wengine wanauzwa kwenye migodi ya chumvi, wengine sarakasi. Kuna punda mdogo ambaye bado ana sauti ya binadamu, amevaa kofia na shati la mtoto, anasema anataka kwenda nyumbani kwa mama yake. Anatupwa zizini pamoja na wenzake ambao bado wanaweza kusema. Halafu Lampwick, rafiki mpya wa Pinocchio: masikio yanatoka, uso unabadilika, anamshika Pinocchio akiomba msaada, na hapo hapo mikono yake inakuwa kwato. Analia akimwita mama yake, na kilio kile hakikuhitaji tafsiri yangu. Mwanangu aliinua mikono yake miwili akaitazama, mbele na nyuma, kisha akaificha kwapani.

Swali lake lilikuwa moja tu: "Mama, wale wengine wanarudi lini?"

Hawarudi. Filamu inaisha, Pinocchio anakuwa mtoto wa kweli, Geppetto anacheza kwa furaha, na wale wavulana hawatajwi tena. Mwenye gari la farasi hakamatwi wala haadhibiwi. Mimi nimekulia kwenye hadithi za bibi zenye mazimwi, na nyingine zilitutisha kuliko katuni yoyote, kwa hiyo siwezi kusema watoto wasitishwe. Lakini zimwi la bibi, hata likimeza kijiji kizima, mwisho hukatwa kidole na waliomezwa wote wakatoka, na mbuzi wao, na ng'ombe wao. Mtoto analala akijua hakuna aliyebaki ndani. Hapa wamebaki, na kosa lao ni utundu, kitu ambacho mtoto wa miaka 4 anajua kwamba na yeye anao.

Nanyi mnajua mji wetu. Punda wanapita mlangoni kutwa nzima na mashogi ya mchanga na mawe. Asubuhi yake mwanangu alisimama kizingitini, punda wa jirani akapita na mzigo, akaniuliza, "Na huyu alikuwa mtoto wa nani?" Nilimwita mwenye punda, mzee wa watu akamweleza taratibu kwamba huyu alizaliwa punda, na mama yake punda yuko zizini. Hilo lilimtuliza, ila kwa muda alikuwa haachi kuwasalimia.

Dada yake aliipokea vingine kabisa. Yeye alimshikilia mbweha, yule tapeli anayempotosha Pinocchio njiani wakati anaelekea shule. Akaniambia, "Yule mbweha hakumshika kwa nguvu, mama. Alimsifu tu." Nimezungumza na binti huyu mara ngapi kuhusu watu wa barabarani wanaowapa watoto maneno matamu, na sijawahi kulisema kwa uwazi ule. Tulikaa tukaongea, yeye akitoa mifano yake mwenyewe, mpaka chakula kikapoa. Ndiyo maana sitaki mtu aseme filamu hii ni mbaya. Kwa mtoto wa umri wake ule ukali una kazi, kwa sababu tayari anaweza kuutoa nje na kuuuliza.

Kuhusu kuomba kwa nyota na malaika wa buluu anayempa uhai mwanasesere, baadhi ya nyumba zitataka kusema neno. Sisi tulikumbushana kwamba dua huombwa Mwenyezi Mungu na hii ni hadithi, tukaendelea. Sigara nazo zipo nyingi, na Pinocchio mwenyewe anavuta, ingawa zinamgeuza rangi na kumtia kichefuchefu.

Kuna aliyeniuliza kama anaweza kuiruka sehemu ya kisiwa. Haisaidii sana. Pinocchio anatoka kule na masikio na mkia wa punda, na anabaki navyo karibu mpaka mwisho, kwa hiyo mtoto atauliza na itabidi umweleze. Pia kuna mahali Pinocchio analala kifudifudi majini, amekufa, kabla ya kufufuliwa. Hapo mkae naye karibu, hata huyo wa miaka 8.

Mkiitafuta, angalieni mwaka. Mwaka 2022 zilitoka filamu mbili zenye jina hilo hilo, moja ya Disney yenye waigizaji halisi, na nyingine ya Guillermo del Toro iliyoko Netflix. Hiyo ya del Toro inaanza na mtoto wa Geppetto kuuawa kwa bomu kanisani, na ndani yake kuna Mussolini, dikteta wa Italia, na mafunzo ya vita. Ni kazi kubwa, mimi na baba watoto tuliitazama wenyewe usiku. Binti yangu nimemwambia ile itangoja mpaka awe mkubwa kidogo.