Chati za maumbo ya wanyama nilizonunua Moshi: moja inastahili bei ya zote

Mwezi uliopita nilinunua seti ya chati nne za ukutani zinazoeleza maumbo ya wanyama, katika duka la vifaa vya shule lililo karibu na stendi ya Moshi, kwa shilingi 38,000. Zimeandikwa kwa Kiswahili na kufunikwa kwa plastiki, na rangi zake hazijapauka ingawa ukuta wetu hupigwa na jua la asubuhi.

Chati ya mifupa ndiyo iliyonifanya niandike. Imepanga mkono wa binadamu, bawa la popo, mguu wa mbele wa punda na pezi la nyangumi, na mfupa wa aina moja umepakwa rangi ileile kwa wanyama wote wanne. Wanafunzi wangu wa darasa la sita walijipapasa mikono wakitafuta mfupa mmoja wa juu na miwili ya chini yake, kisha msichana mmoja akafuatisha kwa kidole chake vidole virefu vya popo vinavyotandaza ngozi ya bawa, akauliza kwa nini nyangumi, anayeishi majini kama samaki, ana vidole ndani ya pezi. Somo zima limo katika swali hilo: mamalia hawa walirithi mpango mmoja wa mwili kutoka kwa babu mmoja wa kale, nao ukabadilika kizazi baada ya kizazi kulingana na maisha ya kila ukoo, hata punda akabaki na kidole kimoja chenye kwato. Pembeni imechorwa shingo ya twiga yenye pingili saba, idadi ileile tuliyo nayo sisi.

Chati ya mageuko, kwa upande wake, inapotosha. Imewapanga samaki, chura, mjusi, nyani na binadamu kama ngazi, ilhali sato tunayemnunua sokoni si babu yetu; ukoo wake umebadilika kwa muda uleule uliotupitia sisi tangu tulipoachana. Nimeichora upya kwa kalamu iwe mti wenye matawi. Chati ya tatu inamhesabu buibui kuwa mdudu licha ya miguu yake minane, na ya nne, ya samaki, ni ya kawaida.

Mwenye duka alikubali kuniuzia chati ya mifupa peke yake kwa shilingi 10,000, na nakala hiyo ya pili sasa iko darasa la saba.