SodiumStar 20/2: wati zinatosha, tatizo ni majira ya joto

Anayenunua leza ya kutengeneza nyota bandia (nukta ya mwanga angani ambayo darubini huitumia kupima na kurekebisha mtikisiko wa hewa) hanunui wati peke yake. Ananunua pia tabia za tabaka la atomi za sodiamu lililo kati ya kilomita 80 na 105 juu ya ardhi, ambazo leza huzifanya zing'ae, na hizo hazimo kwenye katalogi.

Kwa upande wa wati, SodiumStar 20/2, mashine ya kampuni ya TOPTICA, haina lawama. Inatoa wati 22 kwenye nanomita 589: mwanga wa nanomita 1178 hukuzwa ndani ya faiba, kisha masafa yake (frikwensi) huzidishwa mara mbili kwenye kristali. Shughuli ya kubadilisha kimiminika chenye rangi kilichozalisha mwanga, iliyowachosha mafundi wa leza za zamani, hapa haipo. Leza nne za aina hii zinahudumia darubini kubwa ya VLT kule Paranal, Chile, tangu 2016.

Karibu asilimia 10 ya nguvu huelekezwa kwenye D2b, masafa ya pili ambayo sodiamu hupokea mwanga, gigahezi 1.7 kutoka yale makuu ya D2a, ili kuzirudisha kazini atomi zilizonasa kwenye hali isiyopokea mwanga. Sehemu hiyo ikizimwa, au mwanga usipopolaishwa kwa mzunguko (mtetemo wake uzunguke kama skrubu), fotoni, yaani chembe za mwanga, zinazorudi hupungua na leza hulaumiwa bure.

Majira ndiyo mtihani. Vimondo huleta sodiamu, lakini kiasi kinachobaki huru huamuliwa na baridi. Huku chini kukiwa na joto, mesosfia ya juu, sehemu ya angahewa lilipo tabaka hilo, ndiyo hupoa zaidi (ndiyo, kinyume kabisa). Sodiamu hufungwa ndani ya NaHCO3 (sodiamu bikaboneti), na atomi za hidrojeni zinazoifungua huzembea kwenye baridi. Katika latitudo za kati, kiwango cha majira ya baridi huweza kuwa mara tatu hivi ya kile cha majira ya joto. Ncha ya Kusini tofauti hufika mara kumi. Darubini ya Gemini South, Chile, iliyaona hayo kwa leza yake ya kwanza ya wati 50, iliyogawanywa nyota tano: Novemba hadi Februari, majira ya joto ya kule kusini, zilififia mno.

Kwa hiyo miezi hiyo punguza kasi ya kamera inayopima jinsi hewa inavyopinda mawimbi ya mwanga, kila nyota ikusanye fotoni za kutosha. Sogeza masafa ya leza kidogo nje ya yale ambayo sodiamu hupokea, upime mwanga unaotawanywa na hewa ya chini, kisha uutoe kwenye hesabu. Fokasi usiiachie leza: tabaka hupanda na kushuka mamia ya mita ndani ya dakika chache, kwa hiyo nyota halisi, hata hafifu, bado inahitajika.