Kupunguza gharama za simu kila mwezi: kifurushi cha kununua kwanza na cha kuacha

Watu wengi hununua kifurushi kwa hofu ya kuishiwa, si kwa matumizi yao halisi. Mtu anayetumia GB 6 kwa mwezi hujiunga na GB 30 kwa sababu bei ya kila GB inaonekana ndogo, ilhali GB 24 zinazobaki hufutwa muda ukiisha, na kila GB aliyoitumia kweli inakuwa imemgharimu mara tano ya alivyodhani. Ndiyo maana mpangilio ninaoutoa hapa haufuati ukubwa wa kifurushi wala wingi wa ofa zinazoambatana nacho, bali kile ambacho mnunuzi hulipa kwa huduma anayoitumia.

Hatua ya kwanza, basi, ni kupima. Fungua mipangilio ya simu, ingia sehemu ya matumizi ya data, kisha uangalie miezi michache iliyopita. Simu nyingine huendelea kujumlisha tangu siku hesabu ilipofutwa mara ya mwisho, hivyo ni vyema kuifuta siku unapojiunga na kifurushi na kuisoma siku kinapoisha. Chini ya jumla utaona programu zilizopangwa kuanzia iliyokula data nyingi zaidi, na mara nyingi iliyo juu ni ya video. Netflix yenyewe hueleza kwamba saa moja ya video ya ubora wa chini hutumia takriban GB 0.3, ilhali ile ya ubora wa juu inaweza kufika GB 3; kwa hiyo saa mbili tu za ubora wa juu zinaweza kummaliza yule mtu wa GB 6. Muziki unaosikilizwa kwa kilobiti 96 kwa sekunde, kwa upande mwingine, hauzidi MB 45 kwa saa. Punguza ubora wa video unapotumia data ya simu, zuia picha na video za makundi zisijipakue zenyewe, na uyaache masasisho ya programu yasubiri waifai. Hayo hayagharimu chochote, na huenda yakakushusha hadi kifurushi cha nusu ya ukubwa kabla hujafikiria kuhama kampuni.

Ninachokiweka katika nafasi ya kwanza ni kifurushi cha malipo ya kabla cha mwezi mzima, kwa mtu ambaye tayari ana simu yake. Hakina deni, hakikufungi, na mwezi ambao matumizi yamepungua unaweza kununua kidogo. Usiishie kwenye kampuni zinazomiliki minara: zipo nyingine zinazokodi minara hiyo na kuuza huduma kwa jina lao, utaratibu ambao Virgin Mobile iliuanza Uingereza mwaka 1999, na kwa kuwa hazibebi gharama za kujenga mtandao, mara nyingi bei zao huwa nafuu. Udhaifu wao ni kwamba mtandao unapolemewa, wateja wao wanaweza kuwekwa nyuma ya wateja wa mwenye minara, kwa hiyo chunguza kwanza ni minara ya nani wanayotumia na kama inashika vizuri nyumbani na kazini kwako.

Zaidi ya bei, soma idadi ya siku. Kifurushi cha siku 28 kikiitwa cha mwezi hukufanya ulipe mara 13 kwa mwaka badala ya 12. Ili kukilinganisha na kifurushi cha mwezi wa kalenda, zidisha bei yake kwa 13, kisha ugawe kwa 12. Uliza pia kama bando linalobaki huhamia kipindi kinachofuata, na kama kifurushi kikiisha simu hunyamaza au huanza kukata salio kwa bei ya kawaida. Hili la mwisho ni la hatari kuliko yote, kwa sababu salio linaweza kuisha usiku wakati mwenye simu amelala; kwa hiyo omba kampuni izuie ukataji huo.

Nafasi ya pili ni kifurushi cha pamoja cha familia, ambacho hushinda hata cha kwanza pale nyumba yenye laini tatu au zaidi inapokuwa na anayetumia sana na anayetumia kidogo. Weka kikomo kwa kila laini, na mkubaliane mapema nani atalipa.

Nafasi ya tatu naipa mkataba wa laini pekee, yaani bila simu, wa malipo ya baada. Unamfaa mwenye matumizi yasiyobadilika, mradi asome kipengele kinachoiruhusu kampuni kupandisha bei katikati ya mkataba, aweke kikomo cha bili, na aandike mahali tarehe ya mwisho ili asirefushiwe muda bila kujua.

Kifurushi kisicho na kikomo ni cha nne. Mara nyingi kikomo kipo, ila kimeandikwa kwa jina la kasi: ukishatumia kiasi fulani, intaneti hupunguzwa mwendo hadi video isichezeke, na kuwagawia wengine waifai ya simu huwa na kiwango chake. Kinunue tu ikiwa simu ndiyo intaneti yako ya nyumbani.

Simu inayotolewa pamoja na mkataba wa miezi 24 naiweka mwisho. Zidisha malipo ya mwezi kwa 24, ongeza malipo ya awali, toa gharama ya laini pekee yenye huduma zilezile kwa muda huohuo, na kinachobaki ndicho bei halisi ya simu. Ilinganishe na bei ya dukani. Uliza vilevile kama malipo yatashuka baada ya simu kulipiwa, na kama imefungwa kutumia mtandao mmoja.

Bando la siku nimeliacha nje ya mpangilio. Kwa anayelitumia kila siku ni ghali likijumlishwa, lakini anayepata kipato kwa siku hana kosa kununua kulingana na mfuko wake. Akiweza kufikia la wiki, tayari ameokoa kitu.

Ukiamua kuhama, omba kampuni mpya ihamishe namba yako pale utaratibu huo unaporuhusiwa, na usiifunge laini ya zamani mpaka namba ianze kupokea simu upande wa pili, kwa sababu laini ikifungwa mapema namba inaweza kupotea pamoja na njia ya kuingia kwenye akaunti za benki zinazotuma ujumbe wa uthibitisho kwake.