Dawa ya Bt kwa viwavi wa kabichi: nyota 4, ila usiihukumu siku ya kwanza

Nalima kabichi Igombe, karibu kabisa na ziwa, na msimu huu vile viwavi vidogo vya kijani vilitoboa majani mpaka yakawa kama chekeche. Dawa nilizozoea zilishagoma kitambo, ndo nikachukua hii ya unga ya bakteria, Bt, duka moja la pembejeo mjini. Muuzaji kaniambia tu changanya na maji, basi.

Nikapuliza asubuhi. Jioni nakuta viwavi wazima kabisa, roho iliniuma nikajua nimeuziwa feki. Kesho yake nikafunua majani ya katikati nikachungulia vizuri, wapo ila wamelegea, na ule uchafu wao, vile vipunje vya kijani vibichi vinavyojaaga kwenye kikonyo cha jani, hakuna vipya, vilivyopo vimekauka vyote. Yani walishaacha kula! Siku ya tatu wengi weusi, ukigusa wanapasuka.

Kumbe hii siyo sumu ya kugusa, lazima kiwavi aile. Kwenye ule unga kuna protini ya bakteria iliyogandana kama chembe ya chumvi, na tumbo la kiwavi lina ukali kama wa maji ya magadi, pH inapita hata 9, humo ndo chembe inayeyuka alafu vimeng'enya vyake mwenyewe, vilevile vya kusagia protini ya jani, vinaikata na kuiamsha. Ikishaamka inajishika kwenye ukuta wa utumbo inatoboa matundu, hapo kula kwisha. Anauliwa na mmeng'enyo wake mwenyewe! Sisi tumboni tuna asidi na ile protini haina pa kujishika, ndo maana naipenda sana, hizi kabichi wanangu wanakula.

Nyota moja nimeitoa maana jua linaiharibu haraka na mvua inaiosha, kwahiyo ile ya asubuhi nilipoteza nyingi bure. Saivi napuliza saa 12 jioni, solo (bomba la kupulizia dawa) naielekeza chini ya jani, tena viwavi wakiwa bado wadogo, wakubwa wanasumbua kufa. Baada ya wiki narudia kama mayai yameangua.

Kwa wadudu mafuta usihangaike nayo, wale wananyonya utomvu, hawatafuni jani.