Gereji ya Gerezani iliyonihesabia uwiano wa difu

Land Rover Series III yangu, ile fupi, ilifungwa difu (gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa matairi) ya nyuma iliyotumika ambayo duka moja la vipuri lilinihakikishia kuwa "zote ni sawa", na tangu siku hiyo ikawa nzito kuondoka kwenye taa. Niliipeleka kwenye gereji ndogo ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ambako fundi hakukisia. Aliinua nyuma kwa jeki, akaegemeza ekseli kwenye stendi, akatoa gia, akachora alama ya chaki kwenye tairi la kushoto na kwenye propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu); kisha, huku msaidizi akilishika tairi la kulia lisizunguke, alilizungusha la kushoto mara 2 kamili, kwani tairi moja likizuiwa, mzunguko mmoja wa jingine hutoa nusu tu ya jibu.

Propela ilizunguka mara tatu na nusu na kidogo. Uwiano huo ni mizunguko ya propela kwa mzunguko mmoja wa matairi: difu asilia ni 4.7, yaani meno 47 ya kraunwili (gia kubwa ya difu) kwa 10 ya pinioni (gia ndogo inayoizungusha). Hii ilikuwa 3.54, ya aina inayotumika kwenye Range Rover za zamani, na uwiano mdogo hivyo ndio ulioifanya nzito kuondoka. Kwa kuwa ya mbele ilibaki 4.7, kuingiza fobai (nguvu kwa matairi yote manne) kwenye barabara kavu kungevunja gia. Tena spidi ya kioo cha dashibodi ilinidanganya: iliposoma 60, mwendo halisi ulikuwa karibu 80!

Malipo yalikuwa ya haki, ingawa risiti niliidai mara mbili, na benchi la wateja liko juani.